Masanduku ya Beaumarchais: Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Katika mtaa mmoja wa Paris uitwao Pas-de-la-Mule palikuwa na nyumba yenye chumba cha darini ambamo kwa miaka mingi hakuna mtu aliyekanyaga. Muda mfupi kabla ya mwaka 1852 mwanachuoni Mfaransa aitwaye Louis de Loménie alipandishwa huko na mjukuu wa mwandishi mmoja wa michezo ya kuigiza, aliyefariki tangu mwaka 1799. Humo ndani mlikuwa na masanduku na marundo ya karatasi yaliyofunikwa na vumbi: barua, hati za mashauri, hesabu za biashara, miswada ya michezo na maandishi ya siri za serikali. Katika sanduku moja Loménie alikuta kitu kisichokuwa karatasi. Ulikuwa mfano wa mtambo wa saa, uliotengenezwa kwa shaba, wenye maandishi ya Kilatini yaliyoeleza kwamba ulibuniwa na kuundwa na Caron mwana, akiwa na umri wa miaka 21, mwaka 1753.

Kutokana na masanduku hayo Loménie alitunga wasifu aliouita Beaumarchais et son temps, yaani Beaumarchais na Zama Zake, uliotolewa Paris mwaka 1856 katika juzuu mbili. Ni kitabu kikongwe sasa, lakini waliokuja baadaye kuandika habari za mtu huyo wamepitia humo kabla ya kwenda kwingine. Sisi tumekichagua leo kwa ajili ya ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi. Hatutaki kuwafanya watunzi wa michezo. Sababu yetu ni kwamba maisha ya Beaumarchais, tangu ujana hadi kaburini na hata baada ya kaburi, yaliamuliwa na jambo ambalo askari hukutana nalo kila siku ya zamu yake: karatasi iliyoandikwa, na karatasi iliyokosa kuandikwa.

Kijana wa fundi saa

Pierre-Augustin Caron alizaliwa Paris tarehe 24 Januari 1732. Baba yake alikuwa fundi saa, naye alikuwa mvulana pekee aliyebaki hai katika nyumba yenye dada watano. Alianza kujifunza kazi ya baba yake angali mtoto, lakini ujana ulimpanda kichwani, akawa mtu wa muziki na matembezi ya usiku, hata baba akamfukuza nyumbani. Rafiki za mzee wakamwombea msamaha. Mzee akakubali, ila kwa masharti yaliyoandikwa, na masharti hayo yamehifadhiwa katika kitabu cha Loménie.

Kijana asitengeneze wala kuuza kitu chochote, hata kiwe kidogo namna gani, ila kwa hesabu ya baba yake. Aamke saa kumi na mbili asubuhi wakati wa kiangazi na saa moja wakati wa baridi, na afanye kazi hadi chakula cha usiku. Asile kwa watu wala kutembea usiku. Muziki auache, isipokuwa anaweza kupiga ala yake ya nyuzi na filimbi baada ya chakula cha jioni, mradi asiwanyime majirani usingizi. Kwa hayo atapewa chakula na livre 18 kwa mwezi. Kijana alitia sahihi yake. Askari yeyote aliyepitia ukuruta ataifahamu vema lugha ya waraka huo.

Nidhamu hiyo ilizaa matunda. Mwaka 1753 kijana alibuni namna mpya ya sehemu ile ya saa inayozuia na kuachia mwendo wa magurudumu, ambayo ndiyo hufanya saa isiende mbio wala isichelewe. Kwa unyofu wa ujana alimwonyesha Lepaute, fundi mashuhuri aliyemtengenezea mfalme saa. Haukupita muda Lepaute akatangaza gazetini kwamba uvumbuzi ule ni wake.

Wangapi wangethubutu kushindana na fundi wa mfalme? Caron hakupiga kelele barabarani wala hakumvizia adui yake gizani. Alikusanya mitambo yake ya majaribio, akaeleza hatua kwa hatua alivyofikia ugunduzi wake, kisha akapeleka shauri mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Wataalamu wakachunguza, na mwezi Februari 1754 wakaamua kwamba uvumbuzi ulikuwa wa kijana yule. Mtambo wa shaba uliolala sandukuni kwa karibu miaka mia moja ulikuwa, kwa lugha ya polisi, kielelezo cha kesi ya kwanza ya maisha yake.

Ushindi huo ulimfungulia milango ya ikulu. Alimtengenezea Madame de Pompadour, kipenzi cha Mfalme Louis wa 15, saa ndogo iliyowekwa juu ya pete. Akanunua cheo kidogo katika nyumba ya mfalme, akaoa mjane wa mtu aliyemwuzia cheo hicho, akajipa jina la Beaumarchais. Akawa mwalimu wa kinubi wa binti za mfalme. Hapo ndipo alipojuana na tajiri mzee Pâris-Duverney, ambaye alikuwa nguzo ya kuanzishwa kwa Chuo cha Kijeshi cha Paris. Mzee huyo alihuzunika kwa kuwa mfalme hakuwa amefika kukitazama chuo chake. Mwaka 1760 Beaumarchais aliwashawishi mabinti wa mfalme waende, na baba yao akafuata. Chuo hicho ndicho alichosomea Napoleon Bonaparte miaka ishirini na kitu baadaye. Kwa shukrani Pâris-Duverney alimfundisha Beaumarchais biashara na kumshirikisha katika shughuli zake.

Hapana budi tutaje hapa jambo ambalo sisi Waafrika hatuwezi kulipita kimya. Mwaka 1764 Beaumarchais alikwenda Hispania kutetea heshima ya dada yake aliyeachwa na mchumba. Pamoja na shughuli hiyo alibeba mipango ya biashara, na mmoja wao ulikuwa kupata haki ya kupeleka watumwa weusi katika makoloni ya Hispania. Mpango huo haukufaulu. Lakini mtu aliyekuja kusifiwa kwa kuwatetea wanyonge aliandika hesabu za namna hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye kuhifadhi karatasi zake zote huhifadhi na aibu yake.

Sarafu 15 za dhahabu

Tarehe 1 Aprili 1770 Beaumarchais na Pâris-Duverney walifunga hesabu zao kwa hati. Ilikubaliwa kwamba mzee alikuwa bado anadaiwa livre 15,000. Miezi michache baadaye mzee akafa. Mrithi wake, Comte de La Blache, akadai kwamba hati ile haina thamani.

Mwaka 1773 shauri lilikuwa mikononi mwa hakimu aitwaye Goëzman. Beaumarchais wakati huo alikuwa kifungoni kwa sababu ya ugomvi na mtawala mmoja, naye alitaka kuonana na hakimu ili ajieleze. Akaambiwa kwamba njia ya kumfikia hakimu ni kupitia kwa mkewe. Akampelekea bibi huyo sarafu 100 za dhahabu ziitwazo louis, na saa iliyopambwa kwa almasi. Bibi akaongeza kudai louis 15, akisema ni za karani. Beaumarchais alishindwa katika shauri. Bibi, kwa uaminifu wa ajabu, akarudisha louis 100 na saa, lakini zile 15 akabaki nazo. Karani alipoulizwa, akasema hakuziona.

Beaumarchais akaandika kumdai bibi louis 15. Hapo hakimu akageuka na kumshtaki kwa kosa la kujaribu kuhonga mahakama. Mtu aliyekuwa amekwisha kupoteza mali sasa alikuwa katika hatari ya kupoteza uhuru na jina. Wakili wa kumtetea kwa ujasiri hakumpata. Akachukua kalamu. Kati ya mwaka 1773 na 1774 alichapisha maelezo manne ya shauri lake, ambamo aliweka maneno ya bibi Goëzman ya siku moja kando ya maneno yake ya siku nyingine, akaonyesha yanavyopingana. Paris yote ikasoma na kucheka, na kicheko hicho kikaibomoa heshima ya mahakama ile ambayo wananchi hawakuipenda.

Hukumu ilitolewa tarehe 26 Februari 1774. Beaumarchais na bibi Goëzman wote wawili walivuliwa haki zao za kiraia, na hakimu akapoteza kiti chake. Sisi hatuoni kwamba Beaumarchais alionewa kabisa. Aliyetoa na aliyepokea wote walikwishatia mikono yao katika chungu kimoja, na askari wa polisi hana sababu ya kumtazama mtoaji kwa jicho la huruma kwa kuwa tu ana ulimi mtamu. Hata hivyo mwisho wa mambo ni wa kuzingatia. Mwaka huo huo mfalme mpya, Louis wa 16, aliivunja mahakama ile. Tarehe 6 Septemba 1776 Beaumarchais akarudishiwa haki zake. Na mwezi Julai 1778, katika mji wa Aix, mahakama ikaamua kwamba hati ya tarehe 1 Aprili 1770 ni halali. Ilimchukua miaka minane, lakini karatasi ilisema kweli.

Bunduki za Hortalez

Sasa twafika mahali ambapo habari hii yawahusu zaidi askari wa jeshi. Mwaka 1776 makoloni ya Uingereza huko Amerika yalikuwa vitani kudai uhuru, lakini hayakuwa na bunduki wala baruti za kutosha. Ufaransa ilitaka kuyasaidia bila ya kuingia vitani waziwazi. Beaumarchais alimwandikia mfalme na waziri wa mambo ya nje, Vergennes, akiwahimiza watoe msaada kwa siri. Shauri lake likakubaliwa. Tarehe 10 Juni 1776 alitia sahihi stakabadhi ya kupokea livre milioni moja kutoka hazina ya Ufaransa. Hispania nayo ikatoa milioni moja. Ikaundwa kampuni iliyopewa jina la kubuni, Roderigue Hortalez na Wenzake. Bwana Hortalez hakuwahi kuzaliwa. Ofisi yake ilikuwa katika jumba moja la Paris, na aliyeandika barua zake alikuwa mtunzi wa michezo.

Mizinga ilitoka katika maghala ya mfalme, kwa kuwa jeshi la Ufaransa lilikuwa likibadilisha silaha za zamani kwa mpya. Zikaongezwa bunduki kwa maelfu, baruti, mahema na mavazi. Mwezi Desemba 1776 shehena ilikuwa bandarini Le Havre, na Beaumarchais akaenda huko kusimamia upakiaji kwa jina la bandia la Durand. Hapo akafanya kosa ambalo askari yeyote angelipata adhabu kwalo. Wachezaji wa mji ule walikuwa wakiigiza mchezo wake, Kinyozi wa Seville, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwezi Februari 1775. Akawaona wanauharibu. Akashindwa kujizuia, akaenda kuwafundisha mazoezi. Bwana Durand akajulikana mji mzima kuwa ni Beaumarchais. Balozi wa Uingereza akalalamika, na meli zikazuiwa. Moja tu, Amphitrite, ilikuwa imekwisha kung'oa nanga, nayo ikarudi bandarini kabla ya kusafiri upya. Siri ya vita ilifichuliwa na mapenzi ya mtu kwa kazi yake mwenyewe.

Hata hivyo, mwaka 1777 meli Mercure na Amphitrite zilifika Portsmouth katika jimbo la New Hampshire. Silaha na baruti zilizotoka Ufaransa zilikuwa msaada mkubwa kwa jeshi la Wamarekani katika mapigano ya mwaka ule, ambayo yaliishia Saratoga, pale Jenerali Burgoyne wa Uingereza aliposalimu amri na jeshi lake tarehe 17 Oktoba 1777. Baada ya ushindi huo Ufaransa ikajitokeza hadharani upande wa Amerika.

Bunduki zilifika. Malipo hayakufika. Beaumarchais alitazamia kupelekewa tumbaku na bidhaa nyingine. Lakini mjumbe mmoja wa Amerika, Arthur Lee, alikuwa amewaandikia wakubwa wake kwamba silaha zile ni zawadi ya mfalme. Nani angelisema vinginevyo? Shughuli nzima iliendeshwa kwa siri. Serikali ya Ufaransa haikuweza kukiri kwamba ilitoa fedha, na Beaumarchais hakuweza kueleza kwa wazi lipi lilikuwa la serikali na lipi lilikuwa lake. Mwezi Januari 1779 Kongresi ya Amerika ilimwandikia barua nzuri ya shukrani. Mwaka 1793 Alexander Hamilton alipiga hesabu akaona anadaiwa na Marekani livre 2,280,000. Lakini mwaka uliofuata balozi wa Marekani mjini Paris alipata nakala ya ile stakabadhi ya tarehe 10 Juni 1776. Milioni moja ikakatwa katika deni. Sahihi aliyoitia siku ya furaha ikarudi kumdai siku ya dhiki.

Wakati huo Beaumarchais alikuwa mkimbizi Hamburg. Utunzi wake mkubwa, Ndoa ya Figaro, ambamo mtumishi anamshinda bwana wake kwa akili, ulikuwa umezuiwa na mfalme kwa miaka kadhaa kabla ya kuonyeshwa tarehe 27 Aprili 1784, na wengi wameuhesabu kuwa miongoni mwa ishara za mapinduzi yaliyokuwa yakija. Lakini mapinduzi yenyewe hayakumhurumia. Mwezi Agosti 1792 alikamatwa kwa kusingiziwa kuficha bunduki, kumbe alikuwa akijitahidi kuipatia serikali bunduki 60,000 zilizokuwa Uholanzi. Aliachiliwa siku chache tu kabla ya wafungwa wengi wa Paris kuuawa mwezi Septemba. Alirudi Ufaransa mwaka 1796, akafa tarehe 18 Mei 1799 bila ya kulipwa. Warithi wake walipewa faranga 800,000 mwaka 1835, wapokee au waache. Wakapokea.

Upande wa pili wa jalada

Hapa msomaji anaweza kusema: basi Loménie amelimaliza jambo, amefungua masanduku na ukweli umetoka. Sisi twaomba asubiri kidogo.

Mwaka 1774 Beaumarchais alitumwa kununua na kuteketeza kijitabu kilichomkashifu Malkia Marie Antoinette. Kwa maelezo yake mwenyewe alimfuatia mwuzaji mdanganyifu hadi Ujerumani, na mwezi Agosti, katika msitu karibu na Nuremberg, akashambuliwa na majambazi na kujeruhiwa. Kisha akaenda Vienna, akapokewa na Malkia Maria Theresa, mama yake Marie Antoinette. Waziri Kaunitz hakuamini hadithi hiyo, akamweka chini ya ulinzi kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Katika masanduku ya Paris habari hii ilikuwamo jinsi Beaumarchais alivyopenda isimuliwe. Lakini mwaka 1868, miaka 12 baada ya kitabu cha Loménie kutoka, Alfred von Arneth alichapisha hati za Vienna. Humo mlikuwa na maelezo ya mwendesha farasi wa gari lile: yeye hakuwaona majambazi wowote.

Mtu huhifadhi katika sanduku lake yale anayotaka yaonekane. Loménie alikuwa mpelelezi mwaminifu na mwenye subira, lakini jalada alilolisoma lilikuwa la upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa umelala katika mji mwingine, kwa lugha nyingine, ukingojea mtu wa kuuuliza. Wazee wetu walikwisha kutuonya tusikate shauri kwa kusikia upande mmoja, na onyo hilo lawahusu waandishi wa vitabu sawasawa na askari wa upelelezi.

Ndugu askari, mlinzi wa ghala la silaha anapoandika katika daftari namba ya bunduki, jina la aliyeichukua na saa aliyoichukua, huenda akaona ni kazi ya kuchosha, isiyo na utukufu wa uwanja wa vita. Konstebo anayeandika usiku wa manane maelezo ya mama aliyeibiwa kuku huenda akashawishika kufupisha, au kuacha nafasi ya tarehe wazi ili aijaze kesho. Tumeona fundi kijana akimshinda fundi wa mfalme kwa kuwa alikuwa na kielelezo mkononi. Tumeona hati ya mwaka 1770 ikisimama imara baada ya miaka minane ya mashauri. Na tumeona jeshi lililopata silaha, na aliyezipeleka akafa akidai, kwa kuwa siku zile za haraka na siri hakuna aliyeandika waziwazi kama ni mauzo au ni zawadi.

Mama yule wa kuku anamtegemea konstebo aandike jina lake sawasawa, na aandike pia jina la yule anayemtuhumu na maneno yake kama alivyoyasema. Shauri likija kufunguliwa tena, iwe baada ya wiki moja au baada ya miaka mingi, wote wawili watakuwa na karatasi hiyo tu ya kuwasemea.